Aliitika kwa Kichwa

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, na watu wanamwita Cheche. Mageti mengi ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake. Ukisikia geti linalia likifunguliwa, mlaumu mwenye nyumba asiyetia mafuta, usimlaumu fundi. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana namchukia. Simchukii. Amemwoa mdogo wangu wa tumbo moja, amemtunza, hajamwinulia mkono wala sauti. Lakini kuna siku nilitamani kumpiga na pasi ya mkaa, nayo ikiwa na mkaa ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kimepakana na karakana yake, ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo mambo yake nimeyasikia hata yale nisiyoyataka. Alikuwa akichoka kuchomelea anavuta kigoda, anapandisha miwani nyeusi juu ya paji la uso, anafungua vitabu vya chuo na kuvisoma kwa sauti. Alikuwa anasomea uchungaji kwenye chuo cha Biblia cha Wabaptisti, lile darasa la watu wenye kazi zao, wanaokutana Jumamosi. Akiandaa hubiri alinigongea ukuta.

"Dada, nisikilize hapa."

Dada ndivyo aliniita, kwa kuwa ndivyo mkewe aniitavyo. Nilimsikiliza nikiwa na pini mdomoni, kisha nikamwambia limekuwa refu. Yote yalikuwa marefu. Aliogopa kumaliza kabla hajaeleza kila kitu, na mtu wa namna hiyo hata kumtuma chumvi ni kazi, atataka kwanza kujua ni ya nini.

Kulikuwa na neno moja la mwalimu wake alilolipenda, akalirudia mpaka nami nikalishika. Mwalimu aliwaambia: msimzamishe mtu ambaye hamjaisikia sauti yake. Kichwa kinaweza kutikiswa na hofu au na haya. Sauti haitoki mpaka mwenyewe aitoe.

Hapo inabidi nieleze kidogo, maana mimi si Mbaptisti. Mimi na mdogo wangu tulilelewa katika kanisa ambalo mtoto mchanga hutiwa maji kidogo kwenye paji la uso, analia, ananyamazishwa, mambo yamekwisha. Wabaptisti hawalihesabu hilo. Kwao anayebatizwa ni mtu aliyeamini mwenyewe na kusema mwenyewe, na anazamishwa mwili mzima. Ambaye hajazamishwa si mshirika, hata kama ndiye anayefagia kanisa. Na asiye mshirika hali meza ya Bwana. Mdogo wangu alikuwa nao tangu aolewe, anaimba nao, anapika kwenye misiba yao, na sinia la mkate likimfikia analipokea kulia, analipitisha kushoto, mkono haugusi kitu. Niliona kwa macho yangu siku moja nilipoalikwa. Nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikakosa hamu ya kuimba. Yeye alitazama mbele tu.

Hakuwa amezamishwa kwa sababu ya mto. Tulipokuwa wadogo tulikwenda kufua, kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yakaja ghafla ya rangi ya udongo. Mimi nilishika mzizi. Yeye alichukuliwa. Wachimba mchanga walimtoa chini ya daraja, mdomo umejaa matope, na mmoja wao akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini mpaka akakohoa. Tangu hapo anaoga kwa kujipangusa na kitambaa, na nywele namwosha mimi, macho nimeyafunika kwa taulo kavu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Cheche aliyajua hayo kabla hajaleta posa, nilimweleza mwenyewe, na lazima niseme hakuwahi kumsumbua.

Kilichobadilisha mambo ni umbali. Kanisa lao liko upande wa pili wa mji, na washirika wa upande wetu, wazee hasa, walikuwa wanakosa ibada kwa ajili ya mwendo. Wakaanza kukutana karakanani kwa Cheche kila Jumapili. Walisogeza mitungi ya gesi, wakafunika meno ya msumeno kwa gunia, wakapanga mabenchi. Mwanzoni walikuwa wachache, sauti zao nikizizima kwa kukanyaga cherehani. Baadaye wakajaa hadi nje, na hakuna cherehani ya kuzima watu wale. Ndipo mwenye bucha wa pale kona, mtu wa kifua kipana na sauti ya mnadani, akaanza kusema kwamba sasa wawe kanisa lao wenyewe.

"Tunangoja nini?" alikuwa akimuuliza Cheche mbele za watu. "Paa tunalo. Waumini tunao. Mchungaji huyu hapa ana kutu kwenye vidole."

Watu walicheka. Cheche hakucheka. Kwa Wabaptisti hakuna mkubwa wa mbali anayeamua. Washirika wenyewe huinua mikono, kanisa mama likiwaachilia wameachiliwa, na wakimtaka mtu awe mchungaji wao anahojiwa na baraza la wachungaji kisha anawekewa mikono. Washirika walikuwa tayari, kwa hiyo jambo lile lilikuwa mikononi mwake kabisa. Kila mtu alimngoja aseme ndiyo. Na yeye akawa anaguna upande wa pili wa ukuta.

"Dada, kanisa si duka," aliniambia. "Duka likifa unafunga mlango unakwenda zako. Kanisa likifa, wale watu nitawaambia nini?"

"Waambie warudi kule walikotoka."

"Waliokuja kwa miguu yao watarudi. Je, wale watakaokuwa wamezaliwa hapa?"

Nilimwona ana akili siku hiyo. Nilimpenda hata. Aliutaka uchungaji kama mtu anavyotaka maji, na bado alikuwa anakigeuza kikombe kuangalia kama ni safi. Aliendelea kugeuza kwa muda mrefu, mwenye bucha akimsukuma, mpaka mchungaji mzee wa kanisa mama akaja mwenyewe, mgongo umepinda, akanywa chai kwa mdogo wangu, akamwambia Cheche maneno ambayo yeye alinirudishia baadaye kama yalivyo.

"Mwanangu, anzisheni, mimi nitaunga mkono. Lakini utawaalikaje watu kwenye meza ambayo mkeo hali? Kwanza hilo."

Mdogo wangu alikuwepo, ameshika birika la chai. Yule mzee alipoondoka, Cheche hakumwomba chochote. Alikaa akaangalia mikono yake. Mdogo wangu akasema, "Nitaingia." Basi. Ndivyo ilivyoamuliwa, bila mtu kuuliza na bila mtu kueleza.

Alikuja kwangu na kitambaa cheupe.

"Nishonee kanzu ya ubatizo, Dada."

"Umerogwa?"

"Nishonee tu. Pindo liwe zito, isije ikaelea juu."

Nilimgombeza mpaka koo likauma. Nilimkumbusha mto, matope, kuning'inizwa. Alisikiliza yote akiwa ameshika ncha ya kitambaa, kisha akaniuliza kama nitashona au aende kwa fundi mwingine. Nilishona. Nikatia washa ndani ya pindo, vile vipete vya chuma vya kuwekea bolti, nilizozichukua kwenye kopo la Cheche bila kumwomba ruhusa.

Cheche alitengeneza birika la ubatizo mwenyewe, la bati nene, lenye ngazi ndani na nje, akalisugua kila kona ili lisimkwaruze mtu. Kina mama walibeba maji kwa ndoo kuanzia asubuhi. Mchungaji mzee alikuja, lakini kwa mgongo ule hakuweza kuingia majini. Akasema kanisa limempa Cheche ruhusa, na mkono wa mume hauogopeshi. Nilisema moyoni kwamba wanaume wana mambo yao wanayoyaamini.

Watu walijaa uani. Wengine walibatizwa kabla yake, kila mmoja akaulizwa akajibu kwa sauti, hata bibi mmoja asiye na meno alijibu mpaka tukamsikia nyuma. Kisha mdogo wangu akapanda. Alishuka ngazi ya ndani kwa kurudi nyuma, kama anayeshuka kisimani. Maji yalipomfika kifuani alimshika Cheche kiganja cha mkono, na kucha zikaingia. Nilikuwa karibu, niliona ngozi inabonyea.

"Je, unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako, na unaomba ubatizo huu kwa hiari yako?"

Akatikisa kichwa, kuitika. Midomo ilikuwa imekauka, taya linacheza. Cheche alingoja. Uso wake nauona hadi leo: alikuwa anangoja ile sauti. Na pale pale mwenye bucha, huyo aliyezaliwa bila breki, akaanzisha wimbo, uani kote wakaudaka. Cheche akamziba pua kwa leso, akamlaza nyuma, akamzamisha.

Alipiga mateke. Washa zangu ziligonga bati, nikazisikia katikati ya wimbo. Mkono mmoja ulitoka ukashika ukingo. Alipoinuka watu walipiga vigelegele, na Cheche akawa amemkumbatia, naye analia. Mdogo wangu hakulia. Nilimchukua chumbani kwangu, nikamvua, nikamfunga mablanketi. Alitetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti, nikajua ni baridi.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Kwa majuma hakuweza hata kunawa uso kwa beseni. Alifanya kazi zake, akapika, akakunja nguo, lakini ukimsemesha alirudi kutoka mbali. Na upande wa pili wa ukuta Cheche hakusoma tena kwa sauti. Nilikuwa nimemlalamikia kwa miaka kuhusu kelele zake, na kimya kile kikanitia hofu kuliko kelele. Siku moja akagonga.

"Dada, unadhani aliingia kwa sababu gani?"

"Kwa ajili yako," nikamjibu. "Kwani kuna sababu nyingine?"

Mtu yeyote mwenye macho angemjibu vile. Nikasikia anawasha mashine.

Siku ya baraza ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mama. Wachungaji wa makanisa mbalimbali walikaa safu moja nyuma ya meza ndefu, Cheche kwenye kiti peke yake katikati, washirika nyuma yake. Akifaulu, papo hapo wangeinua mikono: kwanza kundi la karakanani liwe kanisa, kisha yeye awekewe mikono. Mdogo wangu alikaa benchi la mbele kwa gauni jipya la bluu, mke wa mchungaji tayari. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mwenye bucha alikuwa amevaa tai.

Cheche alijibu vizuri. Nasema haki, alijibu vizuri, na kwa ufupi, ambalo kwake ni muujiza. Walimuuliza Maandiko, wokovu, uhuru wa kila kanisa kujiamulia, atafanya nini washirika wakigombana. Mchungaji mzee alikuwa anatabasamu kama baba wa bwana harusi. Kisha mmoja mwembamba, mwenye kikohozi, ambaye hata hakuwa anamjua, akauliza swali la kawaida tu.

"Mtu amesimama majini. Umemuuliza, ameitika kwa kichwa, sauti haikutoka. Utambatiza?"

"Hapana," alisema Cheche.

"Kwa nini?"

Hapo akanyamaza. Tulidhani anatafuta aya. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa, na mwenye bucha akanong'ona, "Jibu, bwana." Cheche akasimama.

"Kwa sababu nilishafanya hivyo," akasema. "Mke wangu hakusema neno. Aliogopa, na mimi niliona anaogopa. Nilimtia majini kwa sababu nilitaka kanisa. Yule hajabatizwa. Naomba jina lake litolewe kwa washirika, na langu kwenye uchungaji."

Mchungaji mzee alivua miwani. Kisha akazunguka meza, taratibu kwa mgongo wake, akamshika Cheche mkono kwa mikono yake miwili, akasema mbele ya wote kwamba katika huduma yake yote hajaona mtu mkweli kama huyu, na kwamba siku moja atakuwa mchungaji wa kweli, ila si leo. Watu wakasema amina. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Kikao kikaahirishwa, mikono haikuinuliwa. Na benchi la mbele lilikuwa tupu.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa kwenye ngazi ya jiko la kanisa. Nilikaa karibu naye, nikamshika bega.

"Afadhali, mdogo wangu. Yamekwisha. Hakuna wa kukusumbua tena."

Aliniangalia kama nimemkanyaga.

"Hata wewe, Dada?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Hata wewe ulidhani niliingia mle kwa ajili yake?"

Nikautoa mkono begani mwake.

"Sinia linanipita tangu nimeolewa," alisema. "Napakua misibani kwao, na mkate wao naupitisha kwa jirani. Unajua nilikuwa naomba nini? Nilikuwa naomba siku moja tu nisiogope maji. Hiyo siku haikuja. Basi nikaona nitaingia na woga wangu. Mzee aliposema vile, nilisema sasa ndiyo sasa. Aliponiuliza pale, meno yanagongana, ningetoa sauti gani? Lakini kule chini nilisema, Dada. Mdomo umejaa maji nikasema yote. Nilipotoka nikaendelea kusema, wewe unanifunga blanketi."

Nyumbani Cheche alikuja baadaye kidogo, ameshika koti mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Akaona tunavyomtazama, uso ule ukaondoka.

"Uliniuliza?" mkewe akamwambia.

"Nilikuuliza birikani, ukatikisa kichwa."

"Sisemi birikani. Tangu siku ile mpaka leo asubuhi tumekaa nyumba moja. Uliniuliza?"

Cheche akahamishia koti mkono wa pili.

"Ulimuuliza nani?"

Cheche akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Umesimama mbele ya watu wote ukawaambia mkeo hana imani," alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Ule ndio ulikuwa mto wangu wa pili. Niliuvuka mwenyewe. Wewe umekwenda kuwaambia sikuvuka, na wao wakakusifu kwa ukweli wako."

"Basi nikuulize sasa."

"Ili iweje? Ukawaambie tena?"

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza nako kuna siku yake. Cheche alikaa kwenye kochi akaweka koti magotini, akakaa hivyo mpaka mkewe alipoamka kwenda kuwasha jiko.

Mchungaji mzee alirudi wiki iliyofuata. Alimsikiliza mdogo wangu kwa upole, akaamini kila neno, nadhani aliamini. Lakini, akasema mzee, aliyembatiza amekana, na kanisa zima limesikia. Njia ni moja: aseme imani yake kwa sauti, abatizwe upya, wote wafurahi.

"Sitaingia mara ya pili," alijibu mdogo wangu.

"Kwa hofu, mwanangu? Tutakushika wawili."

"Si hofu. Nikiingia tena nimekubali kwamba mara ya kwanza sikuwamo."

Mzee alikunywa chai yake ikaisha, akaaga.

Mwenye bucha hakungoja baraza lolote. Alichukua watu wake, akapanga ghala lililo nyuma ya bucha, akajiita mchungaji. Hajasomea kitu, anapiga meza, anawatisha watu kwa moto. Hata hivyo mdogo wangu alipokwenda kuomba apokelewe, alimwambia, "Mama, sisi tulikuwepo, tuliona," akampa mkono wa ushirika pale pale. Wazee wengi wamehamia kwake kwa sababu ya umbali. Cheche aliacha chuo bila kumuaga mtu. Anakaa benchi la nyuma kabisa la kanisa mama, wanamheshimu, wanamtaja kama mfano wa ukweli, na karakana yake Jumapili imefungwa kufuli.

Wanatoka nyumbani pamoja. Nawaona kutoka dirishani, wamevaa vizuri, hawajanuniana, kila mmoja na Biblia yake. Wakifika kwenye reli wanaagana, mmoja anashika njia ya bucha, mwingine anavuka kwenda mjini. Mimi ambaye sikutaka aingie majini, nikiwaona pale relini moyo unaniuma kuliko siku ile ya birika.

Juzi nilimuuliza mdogo wangu kama mwenye bucha anahubiri vizuri.

"Vibaya sana," alisema. "Kelele tupu. Mahubiri ya mume wangu yalikuwa marefu, lakini yalikuwa chakula."

"Umewahi kumwambia?"

"Hajaniuliza."